Somo la Kwanza, Kila Usiku

Saa nane ya usiku, Rovaniemi, theluji imefika nusu ya dirisha,
na Taavetti Kurkela, karani mstaafu wa posta,
kavaa soksi mbili mbili, kakaa mbele ya kompyuta ya binti yake
ajifunze Kisami, lugha ambayo mkewe
aliizungumza na dada zake tu, kwa simu, mlango ukiwa umerudishwa.

Hajagusa somo, kisanduku kimeibuka chini ya kioo
kama mdai anayejua fika kuwa upo nyumbani:
"Tunatumia vidakuzi. Unakubali vyote?"

Kifini chake huviita masurufu, vya kula njiani.
Kiswahili kimeviona vina mikono:
vidakuzi, kazi yao kudaka.
Ukisita kwenye swali, kimoja kimedaka.
Ukikosea neno mara tatu, kimedaka.
Ukiondoka saa tisa kasorobo, chai haijapoa,
hilo nalo lina mdakaji wake.

Kitufe cha kukubali kilikuwa kijani, kikubwa kama sahani.
Cha kukataa kilikuwa na rangi ya ukungu,
chembamba, kimejibanza pembeni
kama mtu asiyetaka kuitwa shahidi.
Taavetti alibofya cha ukungu.

Miaka thelathini na minne alipanga barua za watu.
Za mapenzi alizijua kwa uzito, za benki kwa kidirisha cha nailoni,
na kadi za posta, zilizo uchi kabisa,
alizishika picha juu, maneno chini.
Hakuna aliyemfundisha. Mkono wenyewe uliona haya.

Basi alikataa vyote, na tovuti ikamtii
utiifu wa kukomoa: kila usiku ilimsahau.
"Karibu, mgeni. Somo la kwanza: mkate." Láibi.
Usiku wa pili, karibu, mgeni. Mkate.
Usiku wa kumi na moja bado anaumega mkate uleule,
akaanza kucheka peke yake jikoni,
kisha akatafuta miwani
akaisoma ile sera ya faragha yote, kurasa tisa
za maandishi ya sisimizi.

Kumbe si vyote ndugu wa tumbo moja.
Kimoja hushika tu ulipoishia,
kama kidole kilichoachwa katikati ya kitabu.
Kipo kihesabucho vichwa bila kuuliza majina.
Na kipo kimbelembele, kinachokufuata hadi gazetini
kikuuzie viatu vya theluji
kwa kuwa jana uliuliza neno theluji.
Aliruhusu cha kidole. Vingine vibaki nje, kwenye baridi.

Chini ya ukurasa wa sita palikuwa na ahadi:
"Uandikacho humu hatumpi mtu wa tatu
bila idhini yako mwenyewe."
Aliisoma mara mbili.
Mtu wa tatu.

Droo ya pili, chini ya betri na kamba za viatu,
limo daftari la buluu la Risten,
limejaa Kisami hadi ndani ya majalada.
Kwa ajili ya hilo anajifunza. Hajamwambia mtu.
Hata tovuti, ilipomuuliza lengo lake ni nini,
aliibofyia "Utalii".
Miaka ishirini na tisa ya ndoa:
Risten, daftari,
na yeye. Hesabu. Wa tatu ni nani?

Hakulitoa. Hakuapa pia kwamba hatalitoa.
Alirudi kwenye kioo, na ukurasa, kwa mara ya kwanza, ukamjua:
"Uliishia hapa, Taavetti. Somo la pili."
Muohta. Theluji.
Akalitamka kwa sauti, vibaya. Akalirudia.
Neno moja zaidi kuielekea droo
isiyo na kufuli,
ambayo Risten, aliyefunga hata kibanda cha kuni
kwa makomeo mawili,
hakuwahi kuifunga.