Mimi Nani?

Saa nane usiku seva ya famasi
ilibisha hodi kwa seva ya maabara.
Nani?
Mimi.
Mimi nani?
Ikatoa cheti. Kilikwisha muda saa sita.

Miaka miwili zimekaa chumba kimoja, feni moja,
na mlango haukufunguliwa.

Nesi Mwanashee akanipigia:
majibu ya damu hayaji, mtoto anachemka.

Nikakatiza Langoni kwa kikoi na tochi, Lamu imelala.
Nikazalisha ufunguo mpya, nikautilia sahihi
kwa jina la mamlaka ambayo zote mbili huiamini
(niliyeiunda ni mimi, mwaka juzi, na usingizi huu huu).
Hodi. Nani. Karibu.

Alfajiri, kwangu, mlango una komeo.
Sikutaja jina. Nikakohoa.
Siti akafungua.