Mwisho Wallahi

Flashi ilikufa Jumanne, hapa Nizwa:
vipimo vya falaji, miaka mitatu ya uzamivu,
ndani ya kidude kama kokwa ya tende.

Bi Zuweina wa maktaba hakunipa pole.
Alivuta kiti. "Nakala nyingine?"
Nikamwonyesha kilichobaki kwenye kompyuta:
mwisho, mwisho mpya, mwisho wallahi.

Akacheka Kiunguja, kicheko cha mamake,
kisha kidole kikatua kwenye safu ya nne.
"Hii K ni kina, au kasi?"

Nikaduwaa. Niliiandika mwenyewe,
juani, miguu majini,
nina hakika sitasahau.

"Basi lete madaftari," akasema,
"hata yaliyolowa."
Akazima simu, akasogeza taa,
akaandika juu ya karatasi tupu: K ni —
akanisubiri.