Mbeba Betri

Mie sikupiga kitu. Liandikwe hivyo.
Nilibeba betri ya lori la karafuu
kutoka gereji ya Mtemani hadi popote tulipokubaliwa,
na asidi ikanitoboa suruali tatu.
Lakini bila mie, Pweza Wakavu
wangekuwa vijana watatu wa Wete wenye nywele za ajabu.

Nywele, basi. Mafuta ya nazi na nta ya nyuki,
zimepandishwa mbele mfano wa shungi la jogoo.
Ikifika saa sita mchana nta inayeyuka,
jogoo anageuka kuku aliyenyeshewa,
na Mjaka anaendelea na gitaa kwa jicho moja.

Muziki wenyewe waliuokota kwenye mtumba,
kaseti isiyo jina, mfukoni mwa koti la baridi.
(Nani Pemba alitaka koti la baridi?)
Baharia mmoja akatwambia hiyo ni roki ya mawimbi.
Gitaa likitetemeka kama maji ya kisima ukitupa jiwe,
ngoma zikikimbia kama zinadaiwa,
na katikati ya wimbo, krrr,
redio ikautafuna mkanda.

Wakajifunza mpaka pale.
Tangu siku ile kila wimbo wao ulikatika pale pale,
ghafla, mguu ungali hewani,
na wachezaji wakiangukiana.

Ule mwangwi hatukuwa na mashine yake.
Tukamtia Mjaka ndani ya tangi la maji la skuli,
tupu, kiangazi kile,
tukasikiliza kwa nje.
Alipotoa kichwa akauliza: "Mmenisikia?"
Tumekusikia, tukamjibu. Mara nne.

Besi ya Rubea: kasha la chai, mpini wa jembe,
waya wa breki ya baiskeli.
Aliipanda kama punda, na kama punda
siku nyengine ilimkatalia.

Bendi ya mawimbi, na kuogelea hawajui.
Kwa picha ya jalada waling'oa mlango wa choo
cha mamake Rubea, wakasimama juu yake ufukweni,
magoti yamekunjwa, mikono imetanuka,
na maji yamekupwa hata huyaoni.
Nyuma yao, ng'ombe anatafuna.
Wiki nzima mama alijisitiri kwa khanga,
nayo khanga imeandikwa: Mwenye macho haambiwi tazama.

Kangagani mpiga zumari alivimba jino,
tukaitwa sie kwenye mchezo wa ng'ombe.
Fahali akaisikia besi. Akaifikiri.
Akalala.

Kisha Unguja, mashindano.
Melini bahari ikawapindua matumbo,
mabwana mawimbi wote chali, ndoo moja inazunguka,
mie nimeikumbatia betri kama mtoto mchanga.
Jukwaani wakapiga "Papa Anaposa":
papa kaja Wete kuoa,
kaambiwa mahari magunia saba ya karafuu,
kauliza, "Meno hampokei?"
Jaji akashusha miwani. "Hii ni taarabu?"
Faki, juu ya ngoma zake: "Ni taharuki, bwana."
Tulishika nafasi ya tatu.
Vikundi vilikuwa viwili.

Faki yuko Maskati, anauza matairi.
Rubea anasomesha hesabu Konde, kipara kitupu,
na ubao akiupiga kwa chaki
wanafunzi hawajui kwa nini anatabasamu.
Mjaka tulimzika mwaka juzi.
Kaburini dadake alilia kwa sauti kubwa
akanyamaza ghafla, katikati,
na sie watatu tukainamisha vichwa
mabega yakitutetemeka. Watu walidhani ni kilio.

Jana mpwa wangu kaniletea simu.
"Mjomba, nimeupata. Wote, mpaka mwisho."
Gitaa lile lile, tangi lile lile.
Nilisikiliza kidole kikinichezacheza gotini,
na tulipokaribia pale nikamwambia zima.
"Lakini mjomba, bado dakika nzima."
Zima, mwanangu.
Mie naujua unavyokwisha:
Mjaka anafuta mafuta jichoni, anamtazama Faki,
Faki ananyanyua fimbo, watu wote mguu juu, halafu