Hakuna Shughuli

Mwenyekiti kanipa daftari tatu na wiki mbili:
"Andika historia ya klabu, kurasa chache,
tutaisoma siku ya mashindano, kabla ya chai."
Mimi ndiye katibu. Risiti, mihuri, funguo za ghala la nyasi,
vyote viko kwangu; basi na historia nayo ije.

Daftari la kwanza lina jalada la ngozi na harufu ya popo.
Humo farasi wana ukoo:
Dachesi, binti wa Malkia, binti wa Nyota ya Molo,
aliletwa kwa treni, akashushwa stesheni ya Jinja
amefungwa macho kwa gunia la kahawa.
Ana mama, ana nyanya, ana mji alikozaliwa.
Baba yangu, ukurasa huohuo, mstari wa chini:
Saisi wa tatu. Shilingi arobaini. Blanketi moja.

Aliitwa Yokosafati Owora, mtu wa Tororo.
Alizijua kwato kama fundi cherehani ajuavyo kiuno cha mtu,
kwa kutazama tu.
Jioni aliwasha kinyesi kikavu cha ng'ombe,
moshi ukatambaa vihorini kufukuza mbung'o,
na akirudi nyumbani mama humuuliza,
"Leo kaingia nani, mume wangu au jiko?"

Wenyewe waliwasemesha farasi Kiingereza.
Farasi walisikia Kiswahili.
Simama, mama. Geuka. Taratibu, shetani wee.
Zitazame picha za vikombe:
mpandaji anaichekea kamera,
sikio moja la farasi limegeukia nje ya picha,
kwa mtu asiyeonekana.

Sabini na mbili. Bwana Jethwa wa kinu cha pamba
alikuja alfajiri, hana viatu vya kupandia,
akamtia baba hatamu mkononi, akasema, "Narudi Jumatatu."
Hakusema Jumatatu ipi.

Baada ya hapo mwandiko unakuwa mkubwa, wino unapauka,
wanachama kumi na mmoja, wanne, mmoja,
mpaka daftari la pili, ukurasa wa themanini na nane:
1979 hadi 1986: hakuna shughuli.
Chini yake, weupe.

Hakuna shughuli.
Askari waliokuwa wakikimbia walichukua farasi watano.
Dachesi alikuwa ndani ya miwa,
mdomo umefungwa kwa leso ya mama, ile ya kijani,
baba kamlalia shingoni usiku kucha
akimhesabia pumzi.

Hakuna shughuli:
miaka saba alivuta mapipa ya maji kutoka ziwani,
mama akauza debe kwa debe,
nami nikalipiwa karo ya darasa la kwanza
na farasi wa mashindano.
Majirani walituita wale wa punda mrefu.

Akazaa, usiku wa mvua, baba akivuta, mimi nimeshika chemli.
Dume lilikuwa la polisi. Tusiulizane zaidi.

Siku ya nne niko ukurasa huo.
Mwenyekiti kapiga simu: "Umefika wapi?"
"Sabini na tisa."
"Hapo ruka, mama. Hapakuwa na kitu."

Nje, watoto wa Jumamosi wanazunguka uwanja,
kofia zimewazidi vichwa.
Nabirye yu juu ya kilembwe wa Dachesi,
anakaza hatamu, anapiga teke, farasi haendi.
Nafungua dirisha:
"Legeza mkono! Mwambie kwa Kiswahili!"

Baba hakujua kuandika.
Nyuma ya mlango wa banda alichora kwa msumari,
mstari mmoja kwa kila mwezi uliopita farasi akiwa mzima.
Mlango ulipong'olewa tukaufanya meza,
ndio huu ninaoandikia.
Karatasi ya klabu ni nyepesi.
Kila nikianza mwaka ule kalamu inatumbukia,
inafuata mfereji wake,
siwezi kunyoosha mstari.