Ambaye Baadaye Ataitwa

Mimi hupiga chapa nyuma ya mahakama ya Kakamega:
kibanda cha mabati, meza moja, taipureta moja
yenye herufi r iliyochoka, haipandi mpaka uigonge mara mbili.
Wakili huniletea Kiingereza, mimi huwasomea wenyewe Kiswahili,
shilingi mia kwa ukurasa.
Mvua ikinyesha naongeza sauti, siongezi bei.

Jumanne alikuja Drusila Khavere, mtu wa Shinyalu,
gambuti za matope, mkoba wa benki iliyokwisha kufungwa.
Mnunuzi, Amukowa wa duka la mbolea, alikaa karibu na mlango.
Nikasoma, nikafika penye lile neno,
na ulimi ukanitoka nalo vilevile lilivyo,
kwa kuwa sijalipatia tafsiri inayokaa mdomoni.
"Hiarinafta," akarudia mama. "Ndiye shahidi wao?
Maana wangu ni Lihanda, mtoto wa shemeji,
yuko nje anafunga baiskeli."

Amukowa akacheka.
Mimi nilitazama funguo za mashine.
Mwaka wangu wa kwanza hapa nilimdhania mzungu fulani,
Bwana Hiarinafta, aliyeuza mashamba yote ya Magharibi,
jina lake likiwa katika kila hati
na saini yake isionekane popote.

Si mtu, mama. Ni mlango.
Unaingia ukiwa Drusila Khavere binti Mukabwa,
na kitambulisho chako, na kijiji chako,
halafu Kiingereza kinasema: ambaye baadaye ataitwa Muuzaji.
Toka hapo Khavere hayumo.
Muuzaji amekubali. Muuzaji amepokea.
Muuzaji ataondoa migomba yake kabla ya mwisho wa mwezi.

"Baadaye lini?"
Mstari unaofuata.
"Upesi hivyo! Kuitwa mama nilingoja miaka sita."

Na shamba?
Shamba nalo: robo eka, mpaka wake kijito,
ambalo baadaye litaitwa Mali.

Hapo alinyamaza.
Mvua ya saa tisa ikaanza, ile yetu isiyobisha hodi,
na mawe ndani yake, na bati likapokea kila jiwe.
Akasema kwa kushindana nalo:
"Pale panaitwa Alipokataa.
Fahali wa baba mkwe, siku ya kupiganishwa,
alifika pale akalala. Wakapuliza pembe, wakaimba,
wakamtukana mama yake. Akacheua.
Tulichekwa hadi sokoni.
Mwaka uliofuata njaa ilipoingia
ni yeye aliyevuta jembe la kijiji kizima.
Andika hivyo."

Wakili hatakubali.

"Kwani wakili analima pale?"

Nikapekua Kiingereza changu chote, cha shule na cha kesi.
Kipo cha kumpa mtu jina la mbele.
Kipo cha kusema zamani alijulikana kama.
Cha kumrudisha, cha kusema
ambaye akitoka nje ya mlango huu atakuwa tena Khavere,
hicho sikukiona, na nilipekua kweli,
mpaka Amukowa akatazama saa.

Akatia saini pale nilipomwonyesha.
Alishika kalamu kama mtu anayechoma muhogo,
kwa ncha za vidole, akijihadhari na moto,
na K yake ilikuwa ndefu
ikateremka mpaka juu ya neno Muuzaji, ikalikata katikati.
Sikumwambia aanze upya.

Nakala ya kwanza ya wakili, ya pili ya mnunuzi.
Ile ya tatu, yake, iliyofifia kwa kaboni,
niliirudisha mashineni nikaishusha chini kabisa
pasipo na maana yoyote kisheria.
Hiarinafta ina r mbili; kila mara hunitoa jasho.
Nikapiga: Alipokataa.
Halina r hata moja.
Mashine haikukwama.