Mweupe wa Ghorofa ya Nne

Mwaka ule foleni ya friji mjini Łódź
ilikuwa na daftari, na daftari lilikuwa na mlinzi,
na Bogumiła Szczerba alikuwa namba mia mbili na sita.
Miezi tisa. Mtu hupata mtoto kwa muda huo.
Kila alfajiri aliitikia jina lake kwenye baridi,
akapanda tena ghorofa ya nne,
siagi ikining'inia nje ya dirisha ndani ya soksi,
kunguru wakiidonoa,
na usiku mmoja, kwa hasira tu, akaandika:
Mweupe wangu, utakuja lini,
kona yako nimeifagia.

Shemeji yake alikuwa na bendi.
Kufikia Pasaka wimbo ulikuwa kila mahali,
hata kwa wauza kabichi.

Ndipo maana zikaanza kuota.

Kwa lugha yao friji ni ya kike.
Nchi nayo ni ya kike, na uhuru, na mauti.
Kiswahili kingemsaliti mapema: nyeupe yangu,
ngeli moja tu, na watu wangecheka wakaenda kulala.
Kwao mlango ulibaki wazi, wakaingia wote.

Wanafunzi walisema ni nchi, nani asiyejua.
Wafumaji wa kiwanda cha pamba walisema ni bibi harusi
aliyegongwa na tramu namba kumi na moja, shela na yote,
na ukisimama kituoni usiku wa manane
ukaimba ubeti wa pili hadi mwisho
tramu hupita bila dereva.
Mama mmoja aliapa ni unga:
mwanawe amekonda tangu anunue kaseti.
Ziemowit, fundi saa, akaifungua ile kaseti kwa bisibisi,
akaugeuza mkanda, akausikiliza kinyumenyume siku tatu,
akasikia jina la rafiki yake
aliyechukuliwa Desemba na hajarudi.
Akawaita wengine. Nao wakalisikia.
Hata mimi, nadhani, ningelisikia.

Mkaguzi wa nyimbo akamwita ofisini.
Chai ilikuwa na limau, limau halisi.
— Mweupe ni nani?
— Friji.
— Friji ya nani?
— Yangu. Haijaja.
Akaandika friji, akaweka alama ya kuuliza,
akaizungushia duara.
Wimbo ukapigwa marufuku wiki hiyo hiyo,
na wasiopenda muziki nao wakaujua kwa moyo.

Friji ilikuja Agosti, mlango umebonyea.
Aliwaambia majirani, akawaonyesha.
Wakamkonyeza: ndiyo, mama, friji, tumeelewa.
Jumapili ile, kwenye ngazi za kanisa,
watu wasiojuana waliulizana kwa sauti ya chini,
yako imeshakuja?

Alikanusha miaka thelathini na mmoja.
Alichoka, akaendelea kukanusha.
Kisha siku moja kwa fundi viatu
mwanamke mwenye kiatu kimoja mkononi akamtambua.
Mume wangu, alisema, alikaa ndani miezi kumi na minne.
Kila jioni mtu wa seli ya chini alipiga mluzi mstari wa kwanza,
mume wangu akajibu wa pili.
Hawakuonana hata mara moja.
Kabla hajafa aliniachia swali:
ulikuwa unamngoja nani?

Neno lilikuwa tayari ulimini, lina barafu yake.
Bogumiła akalimeza.
Nilikuwa nimechoka kungoja, alisema,
na huo haukuwa uongo.

Lisemwalo lipo, kama halipo laja.
Waliotuachia msemo huu hawakutuambia
kwamba wakati halijaja
nalo limo foleni, lina namba yake,
linapuliza vidole kwenye baridi pamoja nasi.

Friji bado iko jikoni kwake. Haigandishi tena;
anawekea vitunguu na barua za bima.
Watoto wa ghorofa ya tatu wanasema
usiku hupiga mluzi, mstari wa kwanza,
kisha hunyamaza, kama inayesubiri kujibiwa.
Niliwaambia haijachomekwa kwenye umeme,
waya wake umekatwa, nimeuona kwa macho yangu.
Wakanitazama kama mtu asiyejua kusoma.
Ndiyo maana, wakasema.