Andika: Skrubu

Alikuja saa sita, jua la Belinyu limeegemea dirisha langu,
ana fomu ya kurasa tisa na kofia ya mianzi.
Nindya, ndivyo ilivyosema beji, kutoka Jakarta,
ametumwa na watengeneza simu
awaulize watu wa kisiwa cha Bangka
uendelevu kwetu maana yake nini.

Nikamwambia keti. Kiti hicho mguu wake niliulehemu mwenyewe,
hakijamwangusha mtu bado.

Swali la kwanza lilikuwa na visanduku vinne.
Hajatia alama, simu yake ikazima.
Akaitikisa. Akaipuliza. Akanitazama
kama mgonjwa amtazamavyo mganga aliyemdharau jana.
"Tundu la chaji," nikasema. "Lete."

Basi tukazungumza hivyo, mimi nafungua, yeye kashika tochi.

Bati naijua tangu ikiwa mchanga.
Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, maji kiunoni,
nachekecha kwa sinia mchanga mweusi wa shimo
ambalo zamani lilikuwa shamba letu la pilipili manga.
Baba alilikodisha kwa mwaka mmoja.
Shamba halikurudi. Lilirudi dimbwi,
samawati safi ya kupigia picha,
na wageni hupiga, husema mashallah.
Halina samaki, halina chura,
lina kiatu kimoja cha mtoto wa Sarmidi.

Nchi kavu ilipowaishia, watu wakaingia baharini,
mashine juu ya mapipa, zinanyonya sakafu ya maji
hadi pweza wakahama.
Shemeji yangu Hamdani alizamia na mrija wa hewa mdomoni.
Mrija ukajikunja.
Siendelei. Fomu yako haina kisanduku chake.

"Gundi!" nikasema, maana kisu kilikuwa kimekwama.
"Tazama, betri imebandikwa kama stempu.
Nani hubandika kitu ambacho kila mtu anajua
ndicho kitakachokufa kwanza?"
Hakujibu. Mwanga wa tochi ulicheza kidogo ukutani.

Nikapasha chuma moto. Nikachota lehemu kwenye kikopo changu.
Hii sinunui. Naifyonza kwenye bodi zilizokufa,
tone kwa tone, dogo kuliko punje ya mchele,
simu mia ndipo upate kipande cha kidole.
Utotoni niliitoa ardhini kwa kilo.
Sasa naitoa kwenye vilivyotupwa, nimebana pumzi,
na mgongo wangu haujui ipi ilikuwa kazi nzito zaidi,
ila hii haijaacha shimo.

Tundu likashika. Simu ikaamka,
ikalia mlio wake wa kiwandani,
na ujumbe wa kwanza kuingia ukasema:
toleo jipya limewadia, badilisha leo.
Tukacheka. Yeye alicheka kidogo kuliko mimi.

"Sasa niandike nini?"

Andika: skrubu.
Andika: anayefunga kwa gundi hataki mimi nifungue.
Andika kioo cha akiba kisizidi bei ya simu yenyewe,
na mchoro wa bodi usifichwe kama aibu ya ukoo.
Andika simu yangu ina miaka tisa,
ina ufa kama mstari wa kiganja, na inapiga.
"Sayari" usiandike, wala "vizazi vijavyo".
Hayo maneno wanayo tele, hata kwenye maboksi wanayachapa.

"Nafasi ni mstari mmoja," akasema, kama anayeomba radhi.

Basi skrubu. Inatosha.

Aliandika polepole, akaipigia neno hilo mstari,
akalipa rupia elfu thelathini, akakataa chenji.
Mlangoni aligeuka kutaka kusema kitu,
pikipiki ikapita, akakiacha.

Lile tundu bovu sikulitupa.
Nililigeuza chini ya taa.
Lina tone moja. Labda mawili.